Mtihani wa Jumamosi

Watu wa mtaa wetu wa Mapendo bado wananiuliza habari za Directeur, na mimi nimechoka kujibu. Wananisimamisha njiani nikiwa na kitambaa cha mteja begani: Mama mushonaji, yule muzee aliishia kipofu kweli? Ni weye ulimuaibisha mbele ya batu? Nikijibu kwa kifupi wanasema nina kiburi. Nikieleza yote, nguo za watu zinalala bila kushonwa. Basi niseme mara moja, niseme yote, halafu mniache na cherehani yangu.

Yeye sasa yuko Butembo kwa binti yake. Alipokuwa hapa aliishi nyuma ya shule ya msingi ambayo aliiongoza miaka mingi mpaka wakampumzisha, na hata baada ya kupumzishwa hakuacha kuongoza. Aliongoza barabara. Akiona kibao cha duka kimeandikwa vibaya, alisimama mbele yake mpaka mwenye duka atoke, kisha aliomba rangi na burashi. Kuna saluni moja karibu na mzunguko ambayo mpaka leo ina herufi mbili zenye rangi tofauti na nyingine. Ni zake hizo.

Alivaa koti moja la kahawia, jua liwake, mvua inyeshe. Viwiko vilitoboka nikamwekea viraka vya ngozi, vikatoboka tena nikaweka vingine. Hakuwahi kunisifu kwa kazi ile. Alikuwa anageuza kiwiko, anaangalia mshono, anasema, "Bon." Hiyo ndiyo ilikuwa asante yake.

Salamu yake nayo ilikuwa mateso. Hakuuliza habari ya kuamka wala ya watoto. Aliuliza, "Ngapi leo?" Yaani sukari yako asubuhi, kwenye ile mashine ndogo ya kutoboa kidole, ilisoma ngapi. Aliuliza sokoni katikati ya wauza samaki. Aliuliza kanisani wakati wa kupeana amani. Siku ya kilio cha shangazi yangu alipita kwa wafiwa mmoja mmoja, akawapa pole, alipofika kwangu akanishika mkono kwa huzuni kabisa, akainama sikioni: "Pole, mama. Ngapi leo?" Nilitaka kumpiga. Nilimwambia namba, na kwa kweli ilikuwa mbaya, akatikisa kichwa akaenda zake.

Ni kwamba mimi nina sukari. Nimeishi nayo miaka kumi na miwili. Mimi ni mshonaji, nilikuwa na miaka arobaini na ushee ilipogunduliwa, na wakati ule niliona ni ugonjwa wa matajiri wanaokula nyama kila siku. Directeur, naye mgonjwa wa sukari, ndiye aliyekuja mlangoni kwangu, sijui nani alimwambia, akasema kuna kikundi cha wenye sukari kinakutana Jumamosi saa mbili kwenye darasa la sita, na kwamba saa mbili si saa mbili na robo. Nilikwenda ili aniache. Sikuacha tena.

Pale darasani alitukalisha kwenye madawati ya watoto, magoti yamegusa mbao, watu wazima zaidi ya sitini. Alifundisha kuhusu miguu, kwamba mtu mwenye sukari asitembee pekupeku kwenye mawe yetu haya meusi, maana kidonda kidogo kitakula mguu. Alifundisha kuhusu chai, kuhusu fufu, ugali wetu wa muhogo, kuhusu makemba, zile ndizi za kupika, na kuhusu pombe. Wakati wote alikuwa anapanga maneno yake kama mtu anayejua yataandikwa daftarini. "Dozi ya jana haitibu leo," alisema. Na juu ya macho alikuwa na neno lake alilolipenda kuliko yote: "Jicho ni mwanafunzi mpole. Likiumia halinyooshi mkono." Mpaka leo nikilisikia kichwani nasikia uchungu, maana lilikuwa kweli, na yeye aliyelisema hakulisikiliza.

Huyo alikuwa na mambo mawili kwa kila jambo. Alitukataza vitu vitamu, lakini mfuko wa koti lake ulikuwa na ndizi mbivu kila siku. Alisema ni dawa ya dharura, sukari ikishuka ghafla mtu apate cha kumwinua. Ni kweli, wenye sukari wanafundishwa hivyo. Ila nilipokuwa nashona viraka nilikuta maganda matatu mfukoni, na mtu sukari yake haishuki mara tatu kwa asubuhi moja. Alitukataza kutembea pekupeku, naye uani kwake alikuwa pekupeku mchana kutwa. Alisema huruma inaharibu mgonjwa, na mtu akilia darasani alimpa chaki aandike kitu ubaoni mpaka anyamaze.

Lakini nisimseme vibaya tu. Zile wiki ambazo risasi zilikuwa mjini, umeme ulikatika, famasi zilifungwa, watu walilala chini sakafuni na watoto wao. Insulini inaharibika kwa joto, kila mtu anayejichoma anajua. Directeur alikuwa amekusanya chupa zetu mapema, alizizika ndani ya chungu cha udongo chenye mchanga mbichi, chumbani kwake, anamwagia maji asubuhi na jioni. Siku ya tatu nilisikia mlango unabishwa mara mbili, bila haraka. Nikafungua, nikamkuta amesimama na koti lake, vumbi mpaka kwenye nyusi. "Mama, dozi yako," alisema. Alikuwa anapita nyumba kwa nyumba. Nilimwambia aingie ajifiche, akasema ana nyumba tisa bado. Kwa hiyo mkinisikia namkasirikia, jueni namkasirikia mtu aliyeniokoa.

Sasa habari ya mtihani.

Siku moja alirudi kutoka hospitali moja upande wa Keshero, walikuwa wamewaita viongozi wa vikundi kuwaeleza mambo ya macho. Alituambia vizuri alivyoambiwa. Kwamba nyuma ya jicho kuna utando wenye mishipa midogo sana, na sukari ikikaa juu kwa muda mrefu mishipa ile inavuja, inaziba, na mtu hasikii maumivu yoyote. Kwamba kila mwenye sukari lazima aangaliwe ndani ya macho mara moja kwa mwaka, hata kama anaona vizuri. Wanakuwekea matone, mboni inafunguka, wanachungulia na taa. Wakikuta uharibifu mapema wanauchoma kwa mwanga, wanausimamisha. Wakikuta umechelewa, kilichopotea hakirudi.

Hata kama anaona vizuri. Alilisema hilo kwa mdomo wake. Nililisikia.

Tatizo ni kwamba hospitali ilikuwa na nafasi nane tu kwa mwezi kwa ajili yetu, Jumanne ya kwanza. Watu sitini, nafasi nane. Mtu mwingine angefanya kwa zamu, au kwa kura. Lakini huyu alikuwa mkuu wa shule, na mkuu wa shule akiwa na watu wengi na nafasi chache anajua kitu kimoja tu. Alifanya mtihani. Wenye kushindwa watatangulia hospitali, wenye kupita watasubiri. Hakuwa na nia mbaya, nasema hata mbele ya Mungu. Aliona ni haki.

Mtihani wenyewe ulikuwa hivi. Aliandika ubaoni sentensi moja: "Sukari inakaa kimya, lakini sisi hatutakaa kimya hata siku moja." Neno la kwanza lilikuwa na herufi kubwa kama kiganja, yaliyofuata yakawa yanapungua, yanapungua, mpaka "siku moja" ikawa ndogo kama sisimizi. Kila Jumamosi mmoja mmoja alisimama kwenye ukuta wa nyuma, akafunika jicho moja kwa kiganja, akasoma, kisha akafunika lingine, akasoma tena. Directeur alikaa mezani na daftari. "Umepita." "Umeshindwa." Na walioshindwa aliwakalisha dawati la mbele, kama alivyozoea kufanya na watoto wavivu. Hakuona ubaya wowote.

Nyinyi mliosoma shule zetu mnajua kilichotokea. Sisi tulifundishwa hivyo tangu utoto: mwalimu anaandika, darasa linaimba, mwisho wa wiki kila mtoto anajua ubao mzima akiwa amefumba macho. Na sentensi haikubadilika. Mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu, ni ileile. Nani angekaa dawati la mbele na mvi zake, watu wamcheke? Tulisoma. Yaani tuliimba.

Aliyeshindwa kila mara alikuwa mama mmoja kutoka milima ya Masisi. Vita vilimtoa kwao na watoto, akakaa kambini Mugunga, na hata baada ya kambi kuondolewa tuliendelea kumwita Mama wa Mugunga. Kazi yake ilikuwa kuchambua maharagwe ya wafanyabiashara, kutoa mawe na yaliyooza, gunia baada ya gunia. Shule hakuingia hata siku moja. Alisimama kwenye ukuta wa nyuma, akafunika jicho kwa adabu, akaangalia ubao, akasema, "Directeur, miye sijui kusoma."

"Na jicho lingine?"

"Na ile pia haijui."

Darasa lilicheka. Mimi pia nilicheka. Directeur hakucheka, aliandika: ameshindwa. Mama wa Mugunga akaketi dawati la mbele, na jina lake likaenda hospitali.

Mwaka wa tatu alikuja muuguzi wa macho kutoka hospitali ileile, msichana mwembamba mwenye sauti ndogo, kutuona tunavyofanya. Alikaa nyuma akasikiliza watu kama kumi wakipita. Kisha aliuliza kwa heshima, "Directeur, hii sentensi mnabadilisha?"

"Mademoiselle," alisema, "sentensi nzuri haibadilishwi."

Yule msichana alisimama. Alisema kuona vizuri si dalili ya kitu, kwamba mtu anaweza kusoma ubao wote leo na ndani ya jicho damu imeshaanza kuvuja. Alisema ukianza kushindwa kusoma, ugonjwa umeshakaa siku nyingi. Aliomba majina ya wote yaandikwe kwa zamu, waliopita na walioshindwa, hata kama itachukua miezi. Directeur alimsikiliza mpaka mwisho, akamshukuru, akatuamuru tumpigie makofi ya shule, matatu matatu. Tukampigia. Mlango ulipofungwa alisema, "Bon. Anayefuata." Nilikuwa mimi. Nilisimama ukutani nikapita.

Wengi wetu hatukutaka kumsikia yule msichana, tuseme ukweli. Matone yale yanafanya macho yasione vizuri kwa masaa, na nani anataka kutembea haoni katikati ya pikipiki na mawe ya mji huu? Na mimi nina oda za watu. Kwa nini nipoteze siku nzima kwa ugonjwa ambao mtihani unasema sina?

Jicho langu la kushoto lilianza mambo yake kwenye sindano. Nilikuwa naingiza uzi, vumbi likaniingia jicho la kulia, nikalifumba, na kwa lile la kushoto tundu la sindano halikuwepo. Katikati ya kila nilichoangalia palikuwa na doa, kama mtu amegusa kioo na kidole chenye mafuta. Nilifuta lineti, miwani yangu ya kushonea. Nilibadilisha balbu. Nilimtukana muuza nyuzi kwamba nyuzi za siku hizi ni mbaya. Jumamosi nikasimama kwenye ukuta, nikafunika la kulia, nikaangalia ubao kwa la kushoto, nikaona weupe umemwagika pale kama unga. Na mdomo wangu ukafunguka wenyewe: sukari inakaa kimya, lakini sisi hatutakaa kimya hata siku moja. Sikujikwaa popote.

"Umepita," alisema Directeur.

Nikaketi, na moyo wangu ukatulia. Nataka mnielewe hapo. Sikumdanganya yeye peke yake. Nilipita, basi nikaamini kwamba naona. Niliishi hivyo karibu mwaka mzima, kila Jumamosi naimba, kila wiki naingiza uzi kwa jicho moja, sisemi kitu nyumbani.

Halafu asubuhi moja, nikiwa na gauni la harusi kwenye cherehani, nyuzi nyeusi zilianza kushuka ndani ya jicho la kushoto. Nilizipangusa kwa mkono nikidhani ziko kwenye kitambaa. Kufikia saa sita jicho lote lilikuwa pazia. Binti yangu alinipandisha pikipiki mpaka Keshero bila orodha wala zamu.

Ni yule yule msichana mwenye sauti ndogo aliyenipokea. Aliniwekea matone, akangoja, akaangalia ndani muda mrefu, akaita daktari naye akaangalia. Waliniambia polepole, na nawashukuru kwa hilo. La kushoto limechelewa, damu imejaa na utando umevutwa, watajaribu lakini nisitegemee. La kulia nalo linavuja, ila bado linashikika, wakinichoma kwa mwanga na mimi nikishika sukari na presha. Kisha yule msichana aliuliza, "Mama, si ulikuwa kwenye kikundi cha Directeur?"

"Nilikuwa."

"Na hawakukutuma?"

"Nilipita," nikasema.

Aliweka kalamu chini.

Nje kwenye benchi nilimkuta Mama wa Mugunga. Alikuwa amekuja kuangaliwa kama kila mwaka, na matone yalikuwa yameshaingia machoni, kwa hiyo alinitambua kwa sauti. Aliniambia habari zake bila kujisifu. Mara ya kwanza walipomchungulia walikuta mishipa ya macho yote mawili inaanza kuharibika, wakaichoma, wakamwambia arudi kila mwaka, naye anarudi. Maharagwe bado anachambua, hata yale madogo mekundu. Nilipomwambia yangu alinitafuta mkono akaushika.

"Lakini weye mama uko na masomo," alisema. "Juu ya nini ulichelewa?"

Alikuwa anauliza tu, kwa nia njema. Nilikaa pale nikalia, na nilikuwa nalia kwa hasira zaidi ya huzuni. Huyu tuliyemcheka miaka mitatu ana macho yake, na mimi niliyekuwa napita sina.

Siku ya pili nilikwenda kwa Directeur. Alikuwa uani, amekaa kwenye kiti, amegeukia ukuta. Aliposikia hatua zangu alisema, "Ngapi leo?" lakini alisema kuelekea upande wa tangi la maji, na mimi nilikuwa upande mwingine. Hapo nilielewa jambo moja kabla hajanena lingine.

"Directeur," nikasema, "jicho langu la kushoto limekwisha. Mwaka mzima sikuwa nasoma. Nilikuwa nakariri."

Alisema, "Najua."

"Unajua nini?"

"Anayesoma anajikwaa, mama. Anasimama kwenye koma. Wewe ulikuwa unapita moja kwa moja. Nimefundisha watoto miaka mingi, anayekariri namjua hata nikiwa nasinzia."

"Ulijua, na ukaniambia nimepita?"

Alipapasa kiraka cha kiwiko chake.

"Si ungebadilisha sentensi? Sentensi moja tu, Directeur. Maneno kumi."

"Ningebadilisha," alisema, "nani angeniambia kama mmesoma vizuri? Mimi ubao siuoni tangu mvua za mwaka jana. Naandika kwa mazoea ya mkono. Mkiimba ileile, najua wapi mmefika."

Nilisimama pale na mkoba wangu mkononi. Nilimwambia mambo ambayo mtu hamwambii muzee. Nilimwambia yeye ndiye aliyekuwa anatuimbia kila wiki kwamba mficha maradhi kifo humuumbua, kumbe anatufundisha kuficha. Nilimwambia ametuuza kwa heshima yake. Nilimwambia waliopita ni hamsini, na yeye alaye ndizi kwa siri ndiye anayejua wangapi kati yao wanaona.

"Nikisema mbele yao," alisema, "nitakuwa nani?"

"Utakuwa mgonjwa. Kama sisi."

"Nenda nyumbani, mama."

Nikaenda. Njiani nilijuta kidogo, na nyumbani nikajuta zaidi, lakini sikurudi kuomba msamaha. Sikuwa na nguvu ya kuomba msamaha kwa kitu ambacho kilikuwa kweli.

Jumamosi nilifika kabla ya saa mbili. Nilichukua kitambaa nikafuta ubao. Watu waliokuwa wanaingia waliguna, mmoja akasema, "Mama, Directeur atakasirika." Nikaandika sentensi nyingine, mwandiko wangu ni mbaya, wa mtu aliyezoea kuandika vipimo vya kiuno. Niliandika: "Jumanne tunaanza kwenda hospitali wote kwa zamu." Nilijitahidi kupunguza herufi kama yeye. Nilijua hatakuja, na nilikuwa nimejipanga kueleza mwenyewe.

Alikuja. Saa mbili, si saa mbili na robo. Aliingia ameshika ukuta, na darasa lote likasimama kama watoto. Nilimwambia mbele ya wote, "Directeur, nimefuta sentensi yako." Alitikisa kichwa. Hakwenda mezani. Alipita kati ya madawati akiyahesabu kwa mkono, moja, mbili, tatu, mpaka ukuta wa nyuma, akageuka akatazama mbele. Aliinua kiganja akafunika jicho la kushoto.

"Tuanze na mimi," alisema. "Leo mwalimu ni wewe."

"Soma, Directeur," nikasema.

Tulisikia pikipiki nje. Sijui alikaa vile muda gani, mkono usoni, koti limepanda upande mmoja.

"Sioni," alisema.

"Jicho lingine."

Akabadilisha kiganja. "Hilo halioni hata ubao." Kisha, kwa sauti ile ile aliyotumia kusoma matokeo: "Nimeshindwa. Andika."

Hakuna aliyecheka. Baba mmoja mnene wa dawati la nyuma, aliyekuwa amepita tangu mwaka wa kwanza, alikwenda akasimama kando yake, akafunika jicho, akasema, "Miye pia sioni." Mama mmoja akasema anaona neno la kwanza tu. Mwingine akasema haoni. Walikuja mmoja mmoja, wengine wanalia, na Directeur hakumpa mtu chaki. Hata walioona vizuri niliwaandika, kwa sababu yule msichana alisema wote. Karatasi ilijaa pande mbili nikaomba nyingine.

Mnaniuliza kama aliishia kipofu. La kushoto limekufa, kama langu. La kulia walilishika, si lote, lakini linamtosha kujua nani ameingia mlangoni na kikombe kiko wapi. Kati ya waliopita, wengi wamekutwa mapema na wamechomwa, wanaendelea na kazi zao. Wachache walichelewa, na wawili kati yao hawanisalimii. Nimewazoea. Lakini asubuhi ile hatukujua lolote kati ya haya, tulikuwa na karatasi tu na Jumanne inakuja.

Watu walipokwisha alibaki ameketi dawati la mbele, magoti yamebanwa. Alikuwa amechoka, mimi pia. Aliniuliza kama jina lake nimeliweka la kwanza. Nikamwambia nimemwachia mstari wa kwanza, na nikachukua kalamu kuujaza, kalamu ikasimama.

"Directeur," nikasema, "jina lako ni nani?"

Miaka yote ile alikuwa ananiuliza namba zangu, na mimi sikuwahi kumuuliza hilo. Alinigeukia, safari hii upande niliokuwa kweli. Akainuka, akanyoosha koti, akataja majina yake yote matatu, polepole, ili nisikosee. Nikaandika.